Waya wa fedha, waya wa shaba na masikio yetu: kabla hujabadilisha waya wa IEM ukitegemea sauti mpya, pitia hapa

kinanda_nyuma (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu, hasa wapiga vyombo na mafundi mitambo mliomo humu.

Leo nimekuja na hili la waya za IEM, zile monita za masikioni ambazo waya wake unachomoka, maana naona vijana wetu wanajinyima wananunua waya wa laki na nusu wanauchomeka kwenye monita ya elfu hamsini wakiamini besi itanenepa na sauti itafunguka. Mimi napiga kinanda kanisani hapa Dar mwaka wa tisa huu, jumamosi napiga kwenye harusi, hivi vitu vinakaa masikioni kwangu saa nyingi kuliko simu, na hiyo njia nimeshaipita kwa miguu yangu. Mnivumilie uzi ni mrefu.

Ilikua hivi. Mwaka juzi waya uliokuja na monita zangu ulianza kugeuka kijani pale unapozunguka sikio, jasho la Dar mnalijua, plastiki yake ni ile angavu kwa hiyo unaiona shaba inavyobadilika rangi wiki hadi wiki, afu upande wa kushoto ukaanza kukatakata kila nikigeuza shingo kumwangalia mpiga dramu. Nikaingia mtandaoni kutafuta mwingine nikakutana na maelezo ya waya wa fedha, kwamba trebo inang'aa, besi inakaza, vyombo vinaachana. Nikalipa 180,000. Ulivyofika nikakaa sebuleni usiku nimezima taa, nikasikiliza, na tofauti niliisikia wakuu, matoazi yalikua kama kioo kilichofutwa vumbi. Kesho yake nikawahamasisha timu nzima nao waagize.

Sasa mpiga besi wetu ana monita toleo lilelile kama langu. Mdogo wangu akaniambia kaka, kama tofauti ni kubwa hivyo basi hata ukifumba macho utaijua. Akaazima zile za mpiga besi akaziwekea waya wa shaba wa elfu 25, zangu zikabaki na ule wa fedha, waya zote mbili akazivalisha soksi nisizitambue kwa mguso wala uzito, akanifunga kitambaa, akawa anarusha sarafu ndo inaamua anipe ipi. Wimbo uleule, simu ileile, sauti hatugusi. Mara 20. Nilipatia 11, na mtu anayebahatisha tu anapata 10 hivi. Tukahamisha waya, wa fedha ukaenda kwa zile za mpiga besi, tukarudia mara 20 nyingine, nikapatia 9.

Iliniuma, sio kwa ajili ya hela tu, iliniuma kwa sababu nilishawaambia watu sita wanunue. Ndo nikaanza kusoma na kupima, na nilichokipata ndo hiki nawaletea.

Waya wa monita kazi yake ni kupeleka umeme mdogo sana kutoka kwenye jeki mpaka kwenye kispika kilichomo ndani ya sikio, na njiani unakula kidogo. Hicho unachokula ndo ukinzani, unapimwa kwa ohm. Fedha inapitisha umeme kuliko shaba, hilo ni kweli kabisa, ila inaizidi kwa asilimia 5 au 6 tu. Chukua waya wa mita 1.2 wenye unene wa namba 28, umeme unakwenda na kurudi kwa hiyo ni mita 2.4, shaba hapo inatoa kama ohm 0.51, fedha inatoa kama 0.48. Tofauti ni ohm 0.03. Shure SE215 ambazo wengi mnazo humu zenyewe ni ohm 17, sasa weka 0.03 juu ya 17 uone hilo sikio litasikia nini. Tena waya nyingi zinazoitwa za fedha ni shaba iliyopakwa fedha kwa juu, na wangu nilipoukata mwisho wa siku ndani ulikua mwekundu.

Kinachobadilisha ukinzani kwa kweli ni unene na urefu. Wangu wa zamani nilivyoupeleka kwa fundi ukasoma ohm 1.2 kwenda na kurudi, ule wa elfu 25 ukasoma 0.4. Kwenye monita ya ohm 17 hiyo ni kama desibeli 0.4 ya sauti kuongezeka, na hapa ndo mtego ulipo, ukiongeza sauti kidogo hivyo ubongo hausemi imeongezeka sauti, unasema imekua safi zaidi, ina uhai. Kwa hiyo ukibadilisha waya bila kusawazisha sauti unaweza kusikia tofauti ambayo ungeipata kwa kubonyeza kitufe cha simu mara moja.

Nasisitiza sisemi waya hauna maana. Waya mbovu utakuharibia ibada, utakuharibia harusi ya watu. Nachosema ni kwamba unaponunua waya unanunua uimara, wepesi, pini inayokaa na utulivu wa sikio. Karibuni.

---

mtoto_wa_kirumba

Mkuu mada nzuri ila hapo sikubaliani na wewe moja kwa moja. Mimi napiga gita la solo hapa Mwanza, nikitoa waya wa mita 3 nikaweka wa mita 9 sauti inakua butu, ule mkali wa juu unapotea, na hilo hata mwenzangu asiyejua muziki analisikia. Sasa kama waya wa gita unabadilisha sauti kwa nini wa masikioni usibadilishe? Umeme si uleule.

---

kinanda_nyuma (mleta uzi)

Kaka umeuliza swali lenyewe, na uko sahihi kwenye gita lako. Pikapu ya gita ni koili yenye waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara, ukinzani wake ni maelfu ya ohm. Waya wa gita nao kila mita una uwezo wa kushika chaji kidogo, vile waya wa ndani na ganda lake vinavyokaa karibukaribu. Ukichanganya koili ya maelfu ya ohm na waya mrefu unaoshika chaji, unapata kichujio kinachokata trebo ndani ya eneo tunalosikia, ndo maana mita 9 inakua butu.

Kwenye monita za masikioni mambo yamegeuka. Kinachosukuma ni amplifaya ambayo ikiwa nzuri ukinzani wake ni ohm 1 au pungufu, na kinachosukumwa ni ohm 17, 32, kama hapo. Waya huohuo kwenye namba ndogo hivyo unaanza kukata trebo huko kwenye mamilioni ya hezi wakati sikio la binadamu likijitahidi sana linaishia 20,000. Kwa hiyo umeme ni uleule ila mizani sio ileile.

---

bwana_trebo

Mimi nina Shure SE846 na nawaambia waya umebadilisha sauti. Sio kidogo. Huo upimaji wa soksi mlifanyia monita gani? Maana kuna monita na monita.

---

kinanda_nyuma (mleta uzi)

Mkuu sikubishii, na nashukuru umetaja toleo maana hapo ndo penye utamu.

Zangu zina kispika kimoja cha kawaida kila upande, ukinzani wake ni uleule karibu masafa yote, kwa hiyo waya ukila unakula sawasawa, besi na trebo zinapungua pamoja. Hizo zako zina vispika vinne vidogo vya amacha (aina nyingine, sio kile cha kawaida kama changu) kila upande na kuna kichujio cha kugawa masafa, kwenye karatasi ni ohm 9 ila hiyo ohm 9 sio ya masafa yote, kuna masafa inashuka na mengine inapanda. Waya ukiwa na ukinzani mkubwa unakula zaidi pale ambapo monita iko chini. Tuseme monita fulani inashuka mpaka ohm 5 sehemu moja na kupanda mpaka 15 sehemu nyingine, ukitoka waya wa ohm 1.2 ukaenda wa 0.4 zile sehemu mbili zinasogeleana kama robo tatu ya desibeli. Hiyo sio ndoto, mtu mwenye sikio zuri kwenye wimbo anaoujua anaweza kuisikia.

Ila angalia kilichofanya kazi ni zile ohm. Waya wa shaba mnene wa bei ndogo ungekupa kitu hichohicho. Na kabla ya waya angalia unapochomeka, kuna miksa na vifaa vya kuongeza sauti ambavyo jeki yake ina ohm 10 na zaidi, hapo hata ukiweka waya wa dhahabu monita kama yako imeshaharibiwa sauti kabla haijafika kwenye waya.

Na kwa wanaosema waya hauwezi kubadilisha sauti hata siku moja, nao wamekosea. Kampuni ya Etymotic ya Marekani walikua na monita mbili, ER4P ya ohm 27 na ER4S ya ohm 100, na walikua wanauza kawaya ka kuunganisha kenye ukinzani wa ohm 75, ukikaweka kwenye ER4P inakua ER4S. Sauti inashuka na trebo inakuja mbele kidogo. Kwa hiyo waya ulibadilisha sauti, tena kwa makusudi, na waliandika ni ohm ngapi. Muuzaji akikwambia waya wake unabadilisha sauti muulize una ohm ngapi. Akianza habari za hisia na roho ya muziki, funga pochi.

---

alto_wa_njiro

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwimbaji, sauti ya pili, hapa Arusha, haya mambo ya ohm nasoma taratibu. Nina monita za KZ, zile ZSN Pro, waya wa upande wa kulia umekufa. Nimeingia mtandaoni naona pini mbili, MMCX, QDC, 0.75, 0.78, nimechanganyikiwa kabisa kaka zangu. Ninunue upi? Tuna ibada kubwa mwisho wa mwezi na sitaki kukosea.

---

kinanda_nyuma (mleta uzi)

Marahaba dada yangu, usijali, hapo ndo watu wengi wanapotezea hela kuliko hata kwenye fedha na shaba, maana waya ukiwa hauingii hauingii.

Chomoa waya taratibu, shika kwenye plastiki ngumu usivute kamba, halafu angalia kwenye monita yenyewe. Ukiona kishimo kimoja cha duara chenye kapini katikati hiyo ni MMCX, ndo iko kwenye Shure nyingi na Sony kadhaa, inazunguka ukiwa umeshaichomeka. Ukiona vishimo viwili vidogo hizo ni pini mbili. Za kwako ZSN Pro zina vishimo viwili lakini vimekaa juu ya kamlima kaliko chomoza nje, na waya wake una kofia inayofunika hako kamlima. Wauzaji wengi wanaiandika QDC, wengine wanaandika KZ taipu C. Chukua hiyo. Ile ya pini mbili ya kawaida isiyo na kofia inaingia kinamna ila pini zinabaki uchi, siku ukiigonga na maiki inapinda.

Sasa 0.75 na 0.78 ni unene wa pini kwa milimita. KZ wanatumia 0.75, kampuni nyingi nyingine kama Moondrop na 7Hz ni 0.78. Unaona tofauti ni unywele ila pini ya 0.78 ukiisukuma kwenye kishimo cha 0.75 inaingia kwa nguvu na inakitanua, siku ukirudisha waya wa kwanza unalegea unaanza kukatakata. Kwa hiyo ukishaamua saizi baki nayo.

MMCX nayo wenye nayo mjue asili yake ni kiunganishi cha mitambo ya redio, hakikutengenezwa kuchomolewa kila siku. Kale kapete kake kakichakaa waya unazunguka ovyo na sauti inakatika. Ukinunua waya wa MMCX uchomeke, uache hapo. Na wale wa Sennheiser IE 300, IE 600 na IE 900, zenu ni MMCX lakini imezamishwa ndani, waya mwingi wa kawaida haufiki chini, hakikisha muuzaji ametaja toleo lako kwa jina. IE 100 Pro ndo kabisa ina kiunganishi chake yenyewe.

---

fundi_mitambo_temeke

Naomba niongeze kwenye hizi pini mbili maana hili limeshanikuta nikiwa kwenye miksa. Mwimbaji kiongozi alikuja na waya mpya, tumefika mazoezini ananiambia fundi sijisikii, nikamwongeza, ananiambia bado, nikamwongeza tena, anasema najisikia ila niko kama nyuma ya kisogo, besi imemwagika pembeni, katikati hamna kitu. Nikapekua miksa yote, nikabadilisha betri ya risiva yake (kile kiboksi cha kiunoni kinachopokea sauti), wapi. Mwisho nikachukua monita zake nikavaa mwenyewe nikapiga wimbo wenye mwimbaji mmoja tu, na kweli ile sauti haikai katikati, imetawanyika.

Nilichofanya nilichomoa pini za upande mmoja tu nikazigeuza, chanya ikaenda kwa hasi, nikarudisha. Papo hapo mwimbaji akarudi katikati ya kichwa. Kumbe ule waya aliouziwa ulikua umeunganishwa kinyume upande mmoja. Kwenye spika za ukumbini hali hiyo besi zinauana hewani, ila kwenye masikio kila sikio limeziba peke yake, hazikutani, ubongo ndo unachanganyikiwa haujui sauti iko wapi. Kwa hiyo ukipata waya mpya wa pini mbili, jambo la kwanza piga wimbo wowote wenye mwimbaji mmoja, akiwa katikati ya paji la uso uko salama. Za kofia mara nyingi huwezi kuzigeuza, ikija kinyume irudishe. MMCX nayo huwezi kuigeuza kwa sababu ni duara.

La pili wengi hawalijui kabisa. Wanaotumia risiva za kiunoni za Sennheiser, hizi EK IEM G4 na zile za G3 kabla yake, waya wako wa masikioni ndo antena ya pili. Risiva inachagua kati ya kale kaantena kafupi na waya wako, ipi inapokea vizuri. Sasa mtu anauzungusha waya wote anaufunga na rababendi unakua kama yai anautia mfukoni, halafu ananilalamikia sauti inapotea akienda upande wa kinanda. Uache ushuke mgongoni chini ya shati, umenyooka. Na waya ukiwa umekatika ule wa ardhi (wa kurudisha umeme) kwa ndani unaweza kusikia mawasiliano yanakatika ukafikiri ni masafa yameingiliwa, kumbe waya.

---

kinanda_nyuma (mleta uzi)

Fundi ubarikiwe sana, hilo la antena nimelijua kwa mara ya kwanza kutoka kwako na jumapili naangalia timu yangu wote wanavyovaa.

---

nyali_baada_magharibi

Asalaam aleikum ndugu zangu, nawasoma kutoka Mombasa. Mimi si mwanamuziki, nasikiliza tu, taarab na kaswida, usiku kazi ikisha. Nataka kuuliza kuhusu waya wa balansi, ule wenye jeki ya milimita 4.4. Muuzaji ameniambia sauti itakuwa maradufu na vyombo vitaachana. Simu yangu natumia adapta ndogo ya taipu C yenye tundu la 3.5. Je, ninunue waya wa 4.4 na kiadapta cha kupunguza?

---

fundi_mitambo_temeke

Waaleikum salaam kaka. Balansi maana yake kila sikio linapewa njia yake ya kwenda na ya kurudi, kushoto na kulia hawachangii ardhi. Ukiwa na kifaa chenye tundu la 4.4 ambalo ndani lina amplifaya mbili kila upande, unapata msukumo wa umeme mara mbili, na nguvu inaweza kufika mara nne kama kifaa kina uwezo huo. Hiyo nguvu inatoka kwenye kifaa, waya unapitisha tu. Ukichukua waya wa 4.4 ukaweka kiadapta ukachomeka kwenye tundu lako la 3.5, umerudi palepale ulipokua, hakijaharibika kitu na hakijaongezeka kitu.

Ila kinyume chake ni hatari na naomba mlishike. Usichukue monita yenye waya wa 3.5 ukaitafutia kiadapta cha kuichomeka kwenye tundu la balansi la 4.4 au 2.5. Waya wa 3.5 umeunganisha ardhi ya kushoto na kulia pamoja, na kwenye balansi hizo mbili hazitakiwi kugusana, unazigonganisha amplifaya zenyewe kwa zenyewe, unaweza kukiua kifaa.

Kama unaona sauti ya taarab yako inakutosha ukiwa nusu ya simu, huna haja ya nguvu zaidi.

---

nyali_baada_magharibi

Inanitosha, wallahi hata nusu sifiki. Basi ahsante, pesa imebaki mfukoni.

---

mtoto_wa_kirumba

Wakuu na sisi wa kuchomelea wenyewe? Nina waya mzima isipokua karibu na jeki, nimekata nikaweka jeki mpya, nimechoma na risasi ila upande mmoja hausikiki kabisa. Jeki nimejaribu tatu.

---

fundi_mitambo_temeke

Ulikwangua zile nyuzi? Ndani ya waya wa iafoni kila unyuzi umepakwa vanishi ya rangi, mmoja mwekundu, mwingine kijani, mwingine rangi ya shaba, hiyo rangi ni kihami, risasi haishiki juu yake na umeme haupiti. Ukiangalia utaona risasi imekaa juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Usikwangue na wembe zitakatika maana ni nyembamba kama nywele. Pasha chuma joto kali, weka flaksi (ile dawa ya kusaidia risasi kushika), tengeneza tone kubwa la risasi kwenye ncha, tumbukiza ncha ya nyuzi humo shikilia sekunde kadhaa mpaka uone vanishi inaungua inatoa moshi na nyuzi zinageuka rangi ya risasi. Fungua dirisha ule moshi sio mzuri. Baada ya hapo ndo unachomea kwenye jeki, ncha ya mbele kushoto, pete ya katikati kulia, ganda la nyuma ardhi.

---

mtoto_wa_kirumba

Imeshika fundi!! Nimehangaika na huu waya wiki mbili. Moshi ulitoka kweli na nyuzi zikawa nyeupe. Nakushukuru sana mkuu.

---

kinanda_nyuma (mleta uzi)

Safi kaka. Na kwa kuwa mafundi mko hapa niseme namna ya kupima maana multimita ya elfu kumi na tano inatosha. Iweke kwenye ohm ndogo kabisa, kwanza gusanisha ncha zake zenyewe, itasoma labda 0.2 au 0.3, hiyo ni ya nyaya za mita yenyewe, utaitoa. Halafu pima kutoka ncha ya jeki mpaka pini ya kushoto, kisha ganda la jeki mpaka pini nyingine ya kushoto, jumlisha. Kulia hivyohivyo ukitumia pete. Ukiwa unapima mwombe mtu aukunjekunje waya karibu na jeki na pale kwenye sikio, namba ikirukaruka huo waya unakufa hata kama leo unaimba. Tofauti ya kushoto na kulia nayo ni ya kuangalia kuliko namba yenyewe, kushoto 0.4 na kulia 0.9 kuna tatizo.

Kitu kingine ambacho kwangu ndo kilinipa besi niliyokua naitafuta kwenye waya wa fedha ni vile vimpira vya masikioni. Nilikua navaa saizi ya kati pande zote mbili kwa sababu ndo vilikuja vimeshavalishwa. Sikio langu la kushoto ni kubwa kuliko la kulia, nilikua sijui. Kwenye ibada hewa ikipenya kidogo tu besi inakimbia yote, na wewe unachofanya unaongeza sauti, mwisho unapiga masaa matatu kwenye sauti ambayo sikio haliwezi kuivumilia miaka yote. Shirika la afya duniani wanasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndo kikomo cha mtu mzima, na jukwaa lenye dramu linapita hapo mapema sana. Niliweka kikubwa kushoto, cha kati kulia, tena vya sponji vile unavibonyeza unavitia vinafutuka taratibu ndani. Nikashusha sauti ya risiva, na kick ya dramu nikaanza kuisikia kwa mara ya kwanza ikiwa na tumbo. Jaribu hivi, vaa, piga wimbo wenye besi, halafu bonyeza monita ndani taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ujue mpira haujaziba, anza na hapo.

Kwa waya wenyewe mimi naangalia: uwe laini usiokumbuka mikunjo, uwe na kile kibana cha kupandisha chini ya kidevu, na kishiko cha sikio kisiwe kigumu kinachosukuma monita nje. Ule wa kusukwa nyuzi nyingi unapendeza kwa macho ila jaribu kwanza, kuna inayosugua kola ya shati na ule msuguo unausikia ndani ya sikio krr krr kila ukigeuka, na wa mpira laini mara nyingi umetulia. Ukiupitisha juu ya sikio ukashuka mgongoni msuguo unapungua sana. Rangi, chagua usioonyesha ndani kama jasho lako ni kama langu, kijani chenyewe hakiharibu sauti mapema ila kinakukosesha amani, na baada ya ibada ufute kwa kitambaa kikavu kabla hujaukunja, ukunje kwa duara pana usiuzungushe kwenye vidole.

---

bwana_trebo

Nimepima jana. Waya uliokuja na monita ohm 0.9, wa kununua ohm 0.35. Kisha nimechukua waya wa shaba wa kawaida wa jamaa yangu wenye 0.38, tumefanya ule mtindo wa kufumba macho na mke wangu ndo anabadilisha. Kati ya wa kwangu wa bei na wa jamaa yangu sijaweza kutofautisha, nimepatia 8 kati ya 16. Kati ya hiyo miwili na ule wa kiwandani nimepatia 13 kati ya 16. Kwa hiyo mleta uzi ulichosema cha ohm kiko sahihi, na nilichosikia mimi nacho kilikuwepo.

---

kinanda_nyuma (mleta uzi)

Mkuu umenifurahisha sana leo, umefanya kazi ambayo wengi hawana subira nayo. Na shemeji apewe pongezi zake.

---

alto_wa_njiro

Kaka zangu narudisha mrejesho. Nimepata waya wa kofia, mweusi, 0.75, nimelipa elfu 22 pamoja na usafiri wa kutoka Dar. Nimefanya kama fundi alivyosema, nimepiga wimbo wa mwimbaji mmoja, yuko katikati kabisa. Vimpira nimegundua na mimi masikio yangu hayalingani, kulia kidogo kushoto cha kati. Jana mazoezini nilishusha sauti ya risiva kutoka saba mpaka nne na nilimsikia soprano wangu na mimi mwenyewe bila kuvua upande mmoja, mwanzo nilikua navua. Swali moja tu, kishiko cha sikio kimekunjwa sana kinaniuma juu ya sikio, naweza kukinyoosha?

---

fundi_mitambo_temeke

Unaweza dada. Ni plastiki iliyopashwa moto. Kama ndani hakina waya wa chuma, kipitishe juu ya mvuke wa birika kwa mbali sekunde chache, pini zikiwa zimefunikwa na kitambaa, kikilainika kikunje kwa saizi ya sikio lako ushikilie mpaka kipoe. Usitie kwenye maji. Kama kina chuma ndani kunja tu kwa mkono, kidogokidogo.

---

alto_wa_njiro

Nimefanya hapahapa jikoni, birika la chai. Kimekaa vizuri, hakigusi hata hereni. Mungu awabariki.